Altezza imezeeka na umeme unasumbua? Shika mita kwanza kabla hujanunua alternata

Toyota Altezza za mwanzo zilitoka Japani mwishoni mwa 1998, kwa hiyo kama unayo ya miaka ile jua unaendesha gari yenye umri wa kuoa. Mimi yangu ni RS200 ya 1999, ile ya injini ya 3S-GE na gia sita za mkono, lita mbili tu haina tabo lakini Toyota waliipa hosipawa 210, ukiikanyaga mpaka juu unasahau yote iliyokufanyia wiki nzima. Shida ni hiyo wiki nzima sasa. Injini haijawahi kuniangusha hata siku moja, ila umeme, aisee, umeme umeninyoosha.

Kisa chenyewe kilianza na betri kulala kila nikiiacha gari siku mbili bila kuiwasha. Nikampelekea fundi, hakushika hata mita ya kupimia umeme, akasikiliza kidogo akasema alternata (ile inayochaji betri gari ikiwaka) imekwisha. Nikanunua ya mtumba Ilala, ikafungwa, ile ya zamani nikaiacha palepale gereji kama mjinga. Siku mbili, betri chali. Nikaambiwa basi ni betri, nikanunua mpya kabisa. Siku mbili, chali. Mwisho nikaazima mita kwa jirani, Jumapili nzima nipo na gari, ndo nakuja kukuta amplifaya imelala chini ya kapeti la buti, mwenye gari wa kwanza aling'oa spika zake akaondoka nazo, amplifaya akaiacha na moto wake, yaani usiku kucha iko kazini na hakuna anayesikiliza.

Tangu hapo naamini kitu kimoja, waya alizofunga Toyota kiwandani mara nyingi bado ziko vizuri, ukiona umeme unasumbua kwenye hizi gari tafuta kwanza pale palipokatwa na binadamu. Redio, alamu, tracker, taa za mbwembwe, muziki, humo ndo ugonjwa ulipo. Na usinunue kitu chochote kabla mita haijasema.

Vifaa si vingi. Mita ya dijitali ya kawaida inatosha, ila hakikisha ina tundu la 10A (ampea 10) na ina ule mlio wa kupima kama waya haujakatika. Taa ya testa, ile ya balbu yenye ncha na kibanio. Spana namba 10, nunua mbili maana moja itapotea tu. Msasa laini, brashi ya waya, spreyi ya kusafishia kontakti (ile ya kulegezea nati si ya kazi hii, inaacha mafuta na mafuta yanakamata vumbi), solda, na vile vimrija vya plastiki vinavyosinyaa ukivipasha moto. Tepu nyeusi ya kawaida kwa joto la Dar gundi yake inayeyuka ndani ya miezi, unaikuta imeteleza waya uko uchi, kwa hiyo tepu iwe ya kufungia mafungu tu, isiwe ndo kinga yako.

Kabla hujagusa chochote, kama kazi inahitaji kuchomoa betri, anza na negativu, na ukirudisha iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari ni negativu, ukianza na positivu spana ikigusa bodi wakati negativu bado imefungwa hapo hapo unapiga shoti ya kuyeyusha spana. Vua na pete. Na ukikuta soketi za njano, hasa kwenye usukani na chini ya dashibodi, hizo ni za airbag, usizipime kwa mita wala testa, na kama lazima ufanye kazi karibu nazo chomoa betri usubiri angalau sekunde 90 ndo uanze.

Haya, betri. Ipime asubuhi kabla gari haijawashwa, maana ukipima ukiwa umetoka kuzima mita itakudanganya. Ikisoma volti 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 imejaa kama robo tatu, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imelala. Halafu mwambie mtu apige stata wewe unaangalia mita, ikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa basi betri yenyewe imechoka, haina haja ya ramli. Vile vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, chukua maji ya moto weka kijiko cha magadi, mwagia taratibu, utaona povu, hiyo ni asidi inakufa. Suuza, kausha, piga brashi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi au vaselini kwa juu. Utashangaa gari ngapi zimepona hapo tu.

Ikishawaka, pima tena palepale kwenye betri. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Sasa washa taa, feni ya AC, na kile kipasha joto cha kioo cha nyuma ambacho Dar hatukitumii ila kwa kupima kinafaa sana kwa sababu kinakula umeme, ongeza rpm (mzunguko wa injini) kidogo. Ikibaki juu ya 13.5 alternata yako ni nzima, na fundi akikwambia imekufa mwombe akuonyeshe kwenye mita. Ikiwa inasoma ile ile 12 na kitu na inazidi kushuka, haichaji. Ikipanda kupita 15 reguleta (inayodhibiti volti za alternata) imekufa na ukiiacha itapika betri na balbu. Kuna ugonjwa mwingine wa kimyakimya, diodi za alternata, zile zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC wa betri, geuza mita kwenye volti za AC (si AC ya kupoza hiyo) upime betri gari ikiwa inawaka, ikizidi nusu volti diodi zina shida, na diodi mbovu inaweza pia kunyonya betri gari ikiwa imezimwa.

Kabla hujailaumu alternata isiyochaji fungua boksi la fyuzi kwenye boneti, kuna fyuzi kubwa imefungwa kwa nati imeandikwa ALT. Hiyo ndo inakatika mtu akishtua gari kwa betri ya gari nyingine akageuza nyaya, nyekundu kwenye negativu. Yaani mtu anakushtulia gari usiku kwenye giza mara moja tu, kesho yake gari haichaji na unauziwa alternata. Kuiona kama imekatika wakati mwingine macho hayatoshi, chomoa betri, pima kwa mlio.

Kunyonywa kwa betri sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndo palipokula hela yangu.

Gari ikiwa imezimwa na imefungwa kuna umeme kidogo unaendelea kwenda kwenye saa, redio, kompyuta na alamu. Kawaida ni chini ya 50 mA, yaani 0.05A. Yangu ilikuwa inasoma 0.6A. Piga hesabu, betri ya 45Ah (inaweza kutoa ampea moja kwa masaa 45) gawanya kwa 0.6 unapata masaa 75 mpaka ikauke kabisa, ila gari haisubiri betri ikauke ndo igome, ikifika nusu tu hasa kama betri si mpya stata inaanza kulia kinyonge, kwa hiyo ni siku moja na nusu. Ndo zile siku mbili zangu.

Kupima ni hivi. Zima kila kitu, toa funguo, fungua boneti. Mlango utakaouacha wazi ili ufikie fyuzi za ndani, ile komeo yake igeuze kwa bisibisi ijifunge kama vile mlango umefungwa, la sivyo taa ya ndani itakuwa inawaka na itakupotosha. (Usije ukasahau ukaubamiza mlango komeo ikiwa imejifunga, utaikunja. Nimefanya.) Hamisha waya mwekundu wa mita uweke kwenye tundu la 10A, chomoa negativu ya betri, halafu mita ikae katikati, mguu mmoja kwenye kichwa cha betri mwingine kwenye waya wa negativu uliouchomoa. Mwanzoni itasoma juu kidogo, usiogope, kompyuta zinaamka, subiri dakika 20 mpaka 30 zilale. Na muda wote huo USIPIGE STATA, wala usiwashe taa kubwa, mita ina fyuzi ndani ya 10A na stata inataka zaidi ya mia, utaiua.

Ikibaki juu baada ya nusu saa, anza kuchomoa fyuzi moja moja, angalia mita, rudisha, nenda inayofuata. Ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka ndo njia yenye mwizi, soma kwenye kifuniko inalisha nini kisha chomoa kifaa kimoja kimoja kwenye njia hiyo. Mimi nilichomoa zote, za ndani na za boneti, namba ikabaki 0.6 vilevile, nikadhani mita mbovu. Kumbe kuna vitu havipiti kwenye zile fyuzi za kuchomoa za gari. Waya mnene wa stata, waya wa alternata, na waya wowote ambao mtu ameutoa moja kwa moja kwenye positivu ya betri. Nikaanza kufuata nyaya zinazotoka kwenye kichwa cha betri, tatu nikazijua, wa nne mwekundu mnene unapita kwenye ukuta wa injini unaingia chini ya kapeti unaenda mpaka buti, na kule ndo nikakutana na bwana amplifaya. Ule waya wake mdogo wa kumwamsha ulitakiwa utoke kwenye redio ili redio ikizimwa na yeye alale, aliyefunga akaona shida akauunga kwenye positivu ya moja kwa moja. Na kwenye ule waya mnene hakuweka fyuzi hata moja! Siku ungechubuka kwenye kona ya bati lile la ukutani gari ingewaka moto na tungesema ni shetani wa barabarani.

Kwa hiyo kama kuna muziki au taa za ziada umerithi, kagua fyuzi yake, iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, na ujue fyuzi inalinda waya, hailindi redio wala amplifaya. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujawa jiko. Ndo maana ikikatika usiweke kubwa zaidi, mambo ya kutoa ya bluu ya 15 unaweka ya njano ya 20 "tuone itakuwaje", itakuwaje ni waya utageuka fyuzi. Nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30, jifunze rangi hizo.

Nyuma ya redio ni sehemu nyingine ya kutisha. Gari zetu zinakuja na redio ya Kijapani ambayo FM yake inaanzia 76 inaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo karibu kila Altezza iliyofika huku redio imeshatolewa. Na aliyetoa mara nyingi alikata soketi ya Toyota akanyonga nyaya kwa vidole akazungushia tepu. Vuta redio nje uangalie. Kama ni fujo, nunua soketi ya kuunganishia ya Toyota, zipo Kariakoo, fungua maungio yote yale uyarudie upya. Alamu ni hivyohivyo ila yenyewe mbaya zaidi kwa sababu imekatiza waya wa swichi ya funguo na wa stata. Alamu ya zamani ambayo rimoti yake haipo tena itoe kabisa, lakini usikate ovyo, kila waya wa gari ulioingizwa kwenye alamu una ncha mbili, inabidi ncha hizo zirudi kuonana zenyewe, la sivyo gari haiwaki.

Kuunga waya usinyonge tu. Menya sentimita moja na nusu kila upande, vika kile kimrija cha plastiki kwanza (utasahau, kila mtu anasahau), pishanisha nyuzi, zungusha, weka solda, hakikisha solda imeingia ndani ya nyuzi sio imekaa juu kama kamasi, vuta kimrija funika, pasha moto kisinyae. Kwenye sehemu inayotikisika sana, kama karibu na injini, kiungo cha kubana kwa koleo lake maalumu ni bora kuliko solda maana solda inaufanya waya kuwa mgumu na unakatikia pembeni yake.

Athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Mafundi wengi wanaipita na ndo chanzo cha mambo ya kiroho kwenye gari, unapiga indiketa taa ya breki nayo inacheza, unakanyaga breki taa ya namba inafifia. Umeme ukikosa njia ya kurudi unatafuta njia nyingine kupitia balbu ya jirani. Kwenye buti ondoa ile karatasi ngumu ya pembeni karibu na taa za nyuma, tafuta waya mweusi au mweupe wenye mstari mweusi uliofungwa kwa bolti kwenye bodi, fungua, piga msasa bati mpaka ling'ae, piga msasa na kichwa cha waya, rudisha kaza, paka grisi kwa nje. Zile taa za nyuma za vioo vyeupe ambazo dunia nzima iliiga ikaziita taa za Altezza zinavuja raba zikizeeka, ukiona mvuke ndani jua soketi za balbu nazo zina kutu, safisha.

Athi kubwa, ile inayotoka negativu ya betri kwenda kwenye bodi na injini, inapimwa bila kufungua kitu. Mita kwenye volti za DC, mguu mmoja kwenye kichwa chenyewe cha negativu, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzio apige stata. Ikizidi nusu volti njia hiyo ina uchafu au nyuzi zimekatika ndani ya plastiki. Kuna watu wanaongeza waya wa pili wa athi kutoka injini mpaka kwenye chesisi, si uchawi lakini kwenye gari ya umri huu unasaidia, na ni rahisi.

Stata ikifanya "tak" moja na haizunguki, na betri umepima ni nzima, usinunue stata. Stata nyingi za Denso za Toyota za miaka ile zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya umeme ya stata) vinavyolika kwa cheche. Ukipiga mara tano tak, tak, tak, ya sita inawaka, ndo dalili yenyewe. Vipande hivyo vinauzwa peke yake kwa bei ndogo sana. Chomoa betri, shusha stata, fungua kifuniko cha nyuma chenye bolti tatu, toa vya zamani weka vipya, angalia na kile kichuma kinachovigonga kama hakijalika upande. Kazi ya masaa mawili, moja na nusu kati ya hayo ni kuifikia stata yenyewe. Ukiinyanyua gari weka stendi, jeki peke yake usiiamini uingie chini.

Gari inamisi, yaani silinda moja haichomi vizuri? Kwanza kumbuka kama jana yake ulipeleka kuosha na kijana akapiga injini presha. Maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi yanakaa. RS200 kila silinda ina koili yake (inayoipa plagi moto) juu ya plagi, kwa hiyo kupima ni bure, badilishana koili ya silinda inayomisi na ya jirani, ugonjwa ukihama na koili basi koili ndo mbovu, ukibaki palepale angalia plagi kisha injekta. Ukichomoa koili ikatoka na oili, gasketi ya kifuniko cha juu inavuja, badilisha hiyo kwanza la sivyo koili mpya nayo itakufa vilevile. Na kile kidude cha Bluetooth cha kusoma kodi za hitilafu kwa simu usishangae kikigoma, Toyota nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hawaelewani nacho, hapo tafuta fundi mwenye mashine inayojua Toyota.

Taa kubwa, usiweke balbu za wati 100. Ya wati 55 inakula kama 4.6A, ya 100 inakula zaidi ya 8, na waya ni ule ule, soketi inakaangika na kioo kinaiva. Taa zikiwa dhaifu pima volti kwenye soketi ya balbu zikiwa zimewaka halafu linganisha na betri, tofauti ikizidi volti moja shida iko njiani, mara nyingi ni swichi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) au athi. Rilei yenyewe unaijaribu kwa kuibadilisha na ya honi kama zinafanana namba.

Kioo cha mlango kisichoshuka, kabla ya mota vuta ule mpira kati ya mlango na bodi, ndani yake nyaya zimekunjwa na kukunjuliwa kwa miaka 25, utakuta moja imekatika huku plastiki yake ya nje bado nzima, ivute taratibu, ikinyooka kama mpira imekatika ndani.

Ukimaliza kila kitu na kurudisha betri, injini inaweza kushika sailensa (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta) ya ajabu, inapanda inashuka au inataka kuzima, kwa sababu kompyuta imesahau ilichojifunza. Iache iwake bila AC mpaka ipate joto, kisha endesha kawaida kama dakika 20. Kama bado inayumba baada ya siku mbili rudi uangalie bomba la hewa ulilolisogeza ulipokuwa unatafuta spana namba 10 iliyoanguka.